Sili: Mpira Mdogo Ulindao Pampu Yako

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaijua sote tangu utotoni, na masikio yetu yameizoea. Lakini mwezi huu nataka tuichukue kama ilivyo, bila kuigeuza. Nataka tuzungumze juu ya ufa halisi, ule ulio ndani ya pampu ya maji, ndani ya injini ya trekta, na ndani ya bomba la dawa ulibebalo mgongoni. Na juu ya kitu kidogo kinachouziba. Mafundi hukiita sili. Huenda kikawa kipete cha mpira kinachoweza kuingia kidoleni, au bamba jembamba lenye matundu liitwalo gasketi. Bei yake ni ndogo, lakini hasara ya kukidharau si ndogo.

Kwanza tufanye hesabu, maana mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo, na mwalimu haachi chaki. Matone 20 ya maji ni kadiri ya mililita moja. Pampu ikivuja tone moja kila sekunde, kwa siku moja ni matone 86,400, yaani zaidi ya lita 4. Kwa mwezi ni kadiri ya lita 130. Ikiwa ni maji, hayo ni madumu sita ya lita 20 na zaidi. Ikiwa ni dizeli, basi ni karo ya mtoto inayoingia mchangani. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukimaliza.

KALAFATI YA WAZEE WETU

Watu wa pwani hawakungoja kufundishwa na mtu ye yote kuziba. Tangu zamani fundi wa majahazi hutia kalafati. Huchukua pamba, huichovya katika mafuta, kisha huishindilia kwa patasi na nyundo katika kila uwazi ulio kati ya ubao na ubao. Chombo kikipandishwa pwani, sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa. Kikirudi baharini mbao huvimba, pamba hubanwa, na maji hukosa njia.

Hiyo ni elimu kubwa, lakini yafaa pale ambapo vitu viwili vimetulia. Taabu huanza pale ambapo kimoja kinazunguka au kinakwenda na kurudi. Tazama pampu. Shafti, yaani kile chuma cha mviringo kinachozunguka, hupita katika tundu la ukuta wa pampu. Tundu likibana sana, shafti haizunguki. Likilegea, maji yatoka. Utafanyaje?

Kwa muda mrefu watu walijibu swali hilo kwa kamba. Walizungusha kamba ya katani au pamba yenye grisi kuizunguka shafti, wakaibana kwa nati. Kamba hiyo lazima iachwe idondoshe maji kidogo, la sivyo huungua. Mahali pengine walitumia washa ya ngozi. Ngozi ni nzuri, ila ikikauka hukakamaa, na ikilowa mno huoza.

NGOZI YAONDOKA, MPIRA WAINGIA

Huko Ujerumani, katika mji wa Weinheim, palikuwa na kiwanda cha ngozi cha Freudenberg kilichoanzishwa mwaka 1849. Mwaka 1929 biashara ya dunia ilipoanguka, kiwanda kilitafuta kazi nyingine, kikaanza kutengeneza sili za ngozi kwa ajili ya magari na mashine. Mwaka 1932 kikatoa sili iliyobuniwa na mhandisi Walther Simmer. Ilikuwa na mdomo mwembamba unaoigusa shafti, na nyuma ya mdomo huo palikuwa na springi nyembamba ya mviringo iliyoubana daima. Baada ya miaka michache mdomo wa ngozi ukageuzwa kuwa wa mpira. Ukimwona fundi wako akigonga sili mpya ya mafuta katika gurudumu la trekta, angalia upande wa ndani: utaiona springi ile.

Kipete cha mviringo kiitwacho oringi nacho kina habari yake. Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, alipeleka ombi la kusajili uvumbuzi wake mwaka 1937, naye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 72. Mwaka 1939 akapewa hati. Aligundua kwamba kipete cha mpira hudumu kikiwekwa katika mfereji ambao upana wake ni mara moja na nusu ya unene wa kipete. Kikibanwa kupita kiasi hukatika, na kikiwa na nafasi mno huvujisha. Wakati wa vita vikuu vya pili kipete hicho kiliingia katika ndege za vita, na leo kimo katika mashine zisizohesabika, tangu bomba la dawa hadi trekta.

Mambo mapya yakaendelea. Mwaka 1953 mwalimu wa kemia wa chuo kimoja cha Marekani, Vernon Krieble, alitengeneza dawa ya maji ambayo hukauka na kuwa ngumu ikikosa hewa. Ukiitia katikati ya nyuzi za boliti na kukaza, hewa huisha na dawa hukakamaa, hata boliti isilegee wala mafuta yasipite. Gasketi za kichwa cha injini nazo zimebadilika. Zile za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta maradhi ya kuua, hata baada ya miaka mingi. Injini nyingi mpya, hasa tangu miaka ya 1990, hutumia gasketi ya mabati membamba ya chuma cha pua yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo ikiwa trekta yako ni ya zamani, usimruhusu fundi kukwangua gasketi kuukuu ikiwa kavu na kupeperusha vumbi. Ailoweshe kwanza, na watoto wakae mbali.

PAMPU ILIYOJARIBIWA KWALE

Mkulima wa Shika Adabu hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa maneno haya. Ukishika barabara ya Ukunda ukauacha mpaka wa Likoni, umeingia Kwale. Huko, kuanzia mwaka 1983, pampu za mkono zilijaribiwa vijijini katika mradi ulioungwa mkono na Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, na shirika la KWAHO likafanya kazi pamoja na wanavijiji. Kutokana na majaribio hayo, pamoja na yale yaliyofanywa Malawi, ilipatikana pampu iitwayo Afridev, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi za Afrika.

Pampu za zamani zilikuwa na taabu moja. Sili ya pistoni ilikuwa ya ngozi, nayo ilikaa chini kabisa kisimani. Ilipochakaa, hapakuwa na budi mabomba yote ya chuma yavutwe juu, moja baada ya jingine, na kazi hiyo ilitaka watu wenye nguvu, vyombo maalum, na gari la kuwaleta. Basi kijiji kilingoja. Wakati wa kungoja akina mama walirudi kwenye madimbwi na visima vya wazi, na watoto wakaharisha. Tatizo lote hilo lilitokana na kipande cha ngozi kisichozidi kiganja cha mkono.

Waliobuni Afridev walijiuliza: ni nani atakayeitengeneza pampu hii ikiharibika? Walitaka jibu liwe ni mwanakijiji mwenyewe. Kwa hiyo bomba la kupandisha maji lilifanywa la plastiki, na tundu lake likawa pana kiasi cha kuipitisha pistoni. Ukifungua kichwa cha pampu kwa spana, unazivuta fito, na pistoni inakuja juu pamoja na sili yake. Bomba linabaki kisimani. Vali ya chini nayo huvuliwa kwa chombo maalum kama mtu avuavyo samaki. Katika vijiji vya Kwale vikundi vya wanawake vilifundishwa kazi hii, wakaifanya.

Sili yenyewe ni ya mpira wa nitraili, yenye umbo la herufi U. Pistoni ikipanda, uzito wa maji huifungua midomo ya U, nayo hushikamana na ukuta wa silinda. Kadiri maji yanavyosukuma ndivyo sili inavyoziba. Vali ya chini huzibwa kwa oringi. Pampu hii hufaa kwa kina cha hadi mita 45.

Ikiwa kijiji chenu kina pampu ya namna hii, jifunzeni kuisikiliza. Mkipiga mpini mara nyingi kabla ya maji kutoka, hasa asubuhi, maana yake maji yameshuka usiku. Kagueni oringi na mpira wa vali ya chini. Maji yakija mara moja lakini ni machache kwa kila pigo, kagueni sili ya U. Msingoje mpaka pampu ife kabisa. Na kamati iwe na sili za akiba ndani ya kopo, mahali pasipo jua, kabla ya siku ya taabu kufika.

SILI YA NYUSO MBILI

Ng'ambo ya bandari yetu, huko Changamwe, ndiko lilikoanzia bomba la mafuta la kwenda Nairobi lililoanza kufanya kazi mwaka 1978. Kazi kubwa kama hiyo ya kusukuma mafuta haiwezi kutegemea kamba yenye grisi inayodondosha. Yataka sili ya nyuso mbili. Kipete kimoja huzunguka pamoja na shafti, kingine kimetulia ukutani. Nyuso zao zimesuguliwa hata zikawa tambarare mno, na springi huzisukuma pamoja. Kati yao hubaki utando wa maji au mafuta ulio mwembamba kuliko unywele, na utando huo ndio unaozilainisha.

Tangu miaka ya 1970 viwanda vimekwenda mbele zaidi. Katika mashine za kusukuma gesi, nyuso za sili huchongwa mifereji midogo sana. Shafti ikizunguka kwa kasi, gesi huingia katika mifereji hiyo na kuziachanisha nyuso kwa elfu chache za milimita. Hazigusani, kwa hiyo hazichakai, na gesi inayopita ni kidogo mno.

Utaniuliza: hayo yanamhusu nini mkulima mwenye ekari mbili za mihogo na bustani ya mchicha? Yanakuhusu sana. Sili ya nyuso mbili, ndogo tu, imo ndani ya pampu yako ya petroli ya kumwagilia. Ukiiwasha bila kuijaza maji kwanza, ule utando haupo. Nyuso husuguana kavu, hupata moto, na kwa muda mfupi huharibika. Kesho yake utaona maji yakitiririka katikati ya injini na pampu. Wengi husema pampu ni mbovu, lakini mara nyingi kosa ni la mtu aliyeiwasha. Jaza maji kila mara, hata kama umechelewa.

MPIRA SI MPIRA TU

Sasa nitakiri kosa langu mwenyewe, ili lisiwe lako. Mwaka mmoja wakati wa kiangazi gasketi ya kabureta ya pampu ya kikundi chetu ilipasuka. Duka lilikuwa mbali na mimi nilikuwa na haraka. Nikachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakata gasketi kwa mkasi, nikaifunga vizuri. Wenzangu wakanisifu. Siku ya pili mpira ule ulikuwa umevimba, umelainika kama ugali, na petroli ilikuwa ikidondoka juu ya injini yenye moto. Ni kwa rehema za Mungu tu hatukuunguza pampu na mtu. Tulikaa siku tatu bila maji, na miche ya nyanya ya jirani yangu, mama mmoja mjane, ikafa yote. Alininyamazia, na kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Sikujua kwamba kila namna ya mpira ina adui yake. Haya ndiyo machache ya kukumbuka:

Nitraili huvumilia mafuta ya injini, dizeli, grisi na maji, lakini haupendi jua kali wala mafuta ya breki.

EPDM huvumilia mafuta ya breki, maji ya moto na jua, lakini ukiguswa na mafuta ya injini au petroli huvimba.

Silikoni huvumilia moto, lakini hupasuka upesi na haufai kwa petroli.

Viton, uliotolewa na kampuni ya DuPont mwaka 1957, huvumilia joto, petroli na dawa nyingi, lakini bei yake ni ya juu.

Na ile tepu nyeupe ya nyuzi za mabomba si mpira. Ni Teflon, iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938 kwa bahati, alipokuwa akitafuta gesi ya kupozea majokofu.

Kwa macho huwezi kutambua, maana nyingi ni nyeusi tupu. Kwa hiyo usinunue sili kwa kuilinganisha ukubwa tu. Mwambie mwenye duka itagusana na nini.

Hapa pana jambo la uhai. Watu wengine wakikosa mafuta ya breki hutia mafuta ya injini. Sili za breki za gari au trekta huvimba, breki hukwama au hukosa nguvu, na gari lililojaa mazao huteremka kilima bila kizuizi. Kosa hilo hujulikana wakati umekwisha pita.

Hata mataifa makubwa yamefunzwa na mpira. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Oringi katika kiungo cha roketi ilikuwa imekakamaa kwa baridi ya asubuhi ile, ikashindwa kuziba. Wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia. Baadaye mtaalamu Richard Feynman alichovya kipande cha mpira ule katika bilauri ya maji ya barafu mbele ya watu, akawaonyesha kwamba hauregei haraka katika umbo lake. Hapa petu baridi si adui wa mpira. Adui ni jua, chumvi ya bahari na mafuta yasiyofaa. Lakini somo ni lile lile: anayeona ufa aseme, na anayeambiwa asikie.

BOMBA LA DAWA LA MGONGONI

Mwisho nitaje chombo kilicho karibu zaidi na mwili wako. Bomba la dawa la mgongoni lina sili kadha wa kadha: kwenye kifuniko, kwenye pistoni, kwenye mshiko wa kufungulia na kwenye ncha. Moja ikivuja, dawa ya wadudu hushuka mgongoni na kiunoni, hupita katika shati lililolowa jasho, na ngozi huinywa. Mtu hurudi nyumbani na kizunguzungu, akasema ni jua. Huenda si jua.

Kila mara kabla ya kutia dawa, jaza maji safi, piga presha, ukague kila kiungo kwa dakika chache. Pakitoka tone, usinyunyizie siku hiyo. Usizibe kwa kitambaa, wala usipulize ncha kwa mdomo. Badili sili kwanza.

MAMBO YA KUFANYA

1. Unapofungua mashine, hifadhi sili ya zamani, uende nayo dukani.
2. Safisha mfereji wa sili kwa kitambaa. Usikwangue kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja ni njia ya maji.
3. Paka sili mafuta yale itakayofanya kazi nayo, kisha uiingize polepole bila kuipindua. Sili ya breki ipakwe mafuta ya breki tu.
4. Kaza boliti za gasketi kwa zamu, upande huu na upande wa pili, kidogo kidogo.
5. Dawa ya gasketi ya tyubu ipake utepe mwembamba. Ikizidi, humeguka ndani na kuziba njia za mafuta.
6. Hifadhi sili za akiba ndani ya mfuko, mahali pa giza na pasipo joto. Usizitundike kwenye msumari.
7. Andika katika daftari siku uliyobadili sili, ili ujue hudumu muda gani.

Mkulima mwenzangu, haya si mambo makubwa. Fundi wa jahazi haangojei maji yajae ngalawani ndipo atafute pamba. Leo jioni, kabla jua halijatua, chukua bomba lako la dawa na pampu yako, vitie maji, ukaketi na kuvitazama. Ukiona tone, umeuona ufa. Uzibe ungali mdogo, kisha umwite jirani yako umwonyeshe ulivyofanya.